Uso wa Sita

Juzi mpwa wangu kaniletea video. Mkahawa mpya, taa za buluu, shisha ya kioo inayomfikia mtu kifuani, nanasi limechongwa likafanywa kichwa, na ndani ya chupa wametia maziwa badala ya maji. Vijana wanne wanapokezana mpira wa kuvutia. Moshi umetanda hadi sura hazionekani, na kila anayevuta anakohoa. Chini kaandika: "Mjomba, hii ndiyo shisha namba moja Dubai." Nikamuuliza walivuta ladha gani. Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Nadhani zabibu."

Nadhani! Mtu katoa dirhamu zake, koo linamuwasha mpaka kesho yake, na hajui alichovuta. Wenziwe nao wamejipanga kusifu moshi. Moshi! Jiko la kuni mbichi nalo lina moshi.

Kwetu shisha ilipigwa marufuku, Tanzania mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017, kwa hiyo haya nawaandikia walioko huku Ghuba, ambako bado inaletwa mezani kama chai. Wala simdanganyi mtu kwamba maji yanachuja madhara, hayachuji. Lakini kama utavuta, basi ujue unachovuta.

Kosa la kwanza ni kudhani koo kukwaruzwa na ladha kufifia ni maradhi mawili. Koo likiwasha, watu husema tumbaku ni kali. Ladha ikipotea, husema tumbaku ni ya bandia, wanapiga kofi kumwita kijana aongeze kaa. Hapo ndipo wanapoizika. Muasali ni tumbaku iliyoloa molasi na gliserini, na manukato yake ni mepesi. Moto unatakiwa uipike polepole kwa mbali, kama unavyopalia wali. Moto ukizidi, manukato ndiyo yanayotangulia kuondoka, kisha sukari inaungua, na ule uchungu wa sukari iliyoungua ndio unaokushika koo. Ugonjwa ni mmoja. Anayeongeza kaa kutafuta ladha anaifukuza.

Sasa nije kwenye kaa lenyewe, na hapa sitaki kuharakishwa.

Mkaa mzuri ni wa vifuu vya nazi, uliosagwa ukashindiliwa kuwa vipande vya mraba vya milimita 25 hivi. Kipande kama hicho kina nyuso sita. Mtu asiyejua huangalia tano. Kijana wa mkahawa ameviweka jikoni dakika nne, upande wa chini umekuwa mwekundu, wa juu bado mweusi tii. Mteja analalamika kuchelewa. Kijana anafanya nini? Ananyanyua kwa koleo, anapindua ili wekundu uangalie juu, mteja aone moto, na ule weusi unalala juu ya foili, mkabala na tumbaku. Huo ndio uso wa sita. Kwenye picha kila kitu kinapendeza. Lakini weusi ule ni mkaa ambao haujamaliza kuwaka; bado una moshi wake na harufu ya gundi iliyoushikanisha, na kila ukivuta unateremka nao mpaka kooni. Utakohoa, utalaumu tumbaku, utaagiza ladha nyingine, na kaa ni lilelile.

Nyuma ya soko la dhahabu la Deira palikuwa na mkahawa wa uchochoroni, viti vya mbao, feni moja. Mwenye makaa alikuwa mzee wa Kimisri. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, makaa; tumbaku ilishikwa na mwingine. Jiko lake aliliweka kwenye kona yenye giza makusudi, maana kwenye mwanga mkali kaa bichi na kaa bivu huonekana sawa. Alikuwa akilinyanyua moja moja, analileta karibu na uso mpaka nyusi zinapata joto, anapuliza jivu, anageuza: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Akiona doa jeusi la ukubwa wa mbegu ya ufuta, kaa linarudi jikoni. Wateja walipiga kelele, wengine waliondoka. Hakuinua kichwa. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, aliniambia kwa Kiarabu chake cha Cairo maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: moshi wa mkaa lazima umalizwe na mtu, ama utamalizwa na jiko, ama na mapafu ya mteja. Kwake kaa lilikaa jikoni dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Nilivuta pale miaka sita na sikumsikia mtu akikohoa, isipokuwa mwaka mmoja wa mafua.

Kuna na mkaa wa kibiriti, zile sahani nyeusi ndogo zinazorusha cheche ukizigusisha moto. Umetiwa shura, ileile ya baruti. Unawaka kwa dakika moja na ladha yake haiondoki mpaka mwisho. Mkahawa ukiuleta mezani, mimi nalipia chai yangu naondoka. Na wale wanaojisifu kwamba shisha fulani "inapanda kichwani": kizunguzungu kile mara nyingi si nguvu ya tumbaku, ni kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa. Toka nje upate hewa, usiombe kichwa cha pili.

Mengine nitayapitia mbiombio, maana ukishashindwa na kaa hayakusaidii. Koroga kopo kabla ya kujaza, kwani molasi hutuama chini na juu hubaki majani makavu. Iachanishe tumbaku kwa vidole iangukie ndani yenyewe. Ukishindilia, hewa haipiti na utabaki kunyonya mpira mpaka mashavu yaume. Kati ya tumbaku na foili pawe na nafasi ya unene wa sarafu. Ikigusa foili inaungua, hata kaa liwe bivu namna gani. Makaa yakae ukingoni, si katikati, na yazungushwe. Bomba lizame kwenye maji vidole viwili, lisizidi. Maji ya kawaida. Barafu sawa kama umeipenda, lakini maziwa hayaongezi chochote ila povu na harufu ya chupa isiyosafishika wiki nzima. Mpira uoshwe, usiooshwa utakupa tofaa la mteja wa juzi ndani ya mnanaa wako wa leo.

Kichwa kiwe cha udongo. Sina hoja zaidi ya hiyo. Nanasi ni tunda, liliwe.

Na ladha iliyo ladha ni tofaa mbili, ile yenye harufu ya anisi, ya Nakhla, kampuni ya Misri iliyoanza mwaka 1913. Wanaochanganya zabibu na ubani na peremende na sijui nini wanafanya hivyo kwa sababu hawajawahi kuonja kitu kimoja kikipikwa vizuri. Shisha ni ya watu wawili. Wakifika wanne, kila mmoja anavuta kwa pupa zamu isimpite, kaa linapata hewa kuliko linavyohitaji, na kichwa kinaungua robo saa haijatimia.

Wajanja nao wapo. Mkahawa mmoja, sitautaja, ulikuwa na sifa ya moshi mzito mjini kote. Siku moja nikafunua foili kwa kijiti cha meno, kwa sababu ladha ilikuwa tamu dakika kumi za mwanzo kisha ikafa ghafla. Juu palikuwa na tumbaku mpya, nyekundu, inang'aa. Chini yake, nusu nzima ya kichwa, tumbaku ya mteja aliyetangulia, kavu, nyeusi kama majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu. Moshi mzito ulitoka kwenye gliserini waliyoimiminia ili iamke. Kwa hiyo ladha ikifa mapema na moshi ukabaki vilevile, usiite kijana wa makaa. Funua. Anayekataa usifunue amekwisha kujibu.

Nikizeeka zaidi nitachosha watu kwa hili, lakini wazee wetu wa pwani walikuwa na maneno ya kila kipande cha kitu hiki. Kichwa kiliitwa bori, bomba la kuteremkia majini digali, cha kunyonyea shilamu, na chombo cha maji ndicho kiko. Hata mlio wa maji ulikuwa na jina lake, malio. Padri Edward Steere aliyaandika yote kwenye kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, na leo kijana wa Mombasa au Unguja ukimwambia shilamu anadhani umetaja mtu. Huko mbali zaidi, nargila, jina jingine la shisha, limetokana na neno la Kiajemi la nazi, maana chombo cha maji kilikuwa kifuu. Siku hizi kifuu kimepanda juu kikawa makaa, na chini tumeweka kioo chenye taa. Sisemi zamani watu hawakukohoa. Nasema malio yaliwasaidia: mvutaji alisikiliza maji, na maji yakinguruma kwa kasi alijua anavuta kwa pupa. Sasa muziki wa mikahawa hii hauruhusu kusikia hata jina lako.

Mpwa wangu kaniuliza kama nitafuatana naye Ijumaa. Kabla ya kumjibu nimeirudia ile video, nikaisimamisha pale kijana anapoinua kaa kwa koleo kulipeleka juu ya nanasi. Kwa juu linawaka kama jua. Kwa chini ni jeusi.