Taka au Mabaki? Uhakiki wa Istilahi za Uchumi wa Mzunguko

Miongoni mwa istilahi zinazoenea katika maandishi ya serikali ni zile zinazohusu uchumi ambamo kinachobaki katika kazi moja huwa malighafi ya kazi nyingine. Watafsiri huandika "uchumi duara", "uchumi rejeshi" au "uchumi wa mzunguko". Uhakiki huu unazipima istilahi hizo kwa mizani ya matumizi, na mifano yake inatoka Lushoto na nchi iliyo chini ya Milima ya Usambara.

"Duara" ni jina la umbo. Halielezi mwendo wala kazi. "Rejeshi" lina sifa ya kuhusiana na kitenzi kinachojulikana, lakini mwanachama wa kikundi cha kukopeshana asikiapo "marejesho" hufikiri deni. "Mzunguko" laeleza mwendo barabara, ila sokoni humaanisha mzunguko wa fedha. Kwa hiyo tunapendekeza "uchumi wa mzunguko wa malighafi". Ni refu, lakini halihitaji mkalimani.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "taka", ambalo watafsiri hulitumia kwa kila kinachobaki kiwandani. Tuchukue mkonge, zao lililoletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika kila kilo 100 za majani yanayopita katika korona, singa ni kama kilo 4 tu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa iliyosalia ilitupwa. Mwaka 2007, huko Hale wilayani Korogwe, mtambo wa kilowati 150 ulianza kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na mabaki hayo. Je, kinachowasha taa ni taka? Neno hili si dogo: kiitwacho taka hutungiwa sheria ya kutupwa, kiitwacho mabaki hutafutiwa matumizi.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Mashine ya kukoboa huacha pumba, kinu cha mafuta huacha mashudu, nazi iliyokamuliwa huacha machicha, randa ya seremala huacha maranda, na zizi hutoa samadi. Kila neno lina mahali pake, na mengi ya mabaki hayo yana mnunuzi wake. Mtafsiri anayeyafunika yote kwa "taka" huifukarisha lugha na humpotosha msomaji.

Hata hivyo, istilahi njema haiokoi mpango mbaya. Baada ya mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta. Wakayapinga, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, ulihimiza makingamaji ya majani ya Guatemala. Majani hayo huzuia udongo na kulisha ng'ombe wa zizini, na samadi hurudi shambani. Huo ndio mzunguko wa malighafi, nao hueleweka kwa mkulima kabla hajaambiwa jina lake.

Basi walimu, watafsiri na watumishi wa serikali hawana budi kulihifadhi neno "taka" kwa kile kisichofaa tena, na kuyaita mabaki mengine kwa majina yake. Kabla ya kuunda neno jipya ofisini, yafaa kwanza kuuliza kiwandani, shambani na zizini.