Lumumba, Ufipa na Jina la Bandia

Mtaa wa Lumumba unapita pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja. Ukimtajia bodaboda, anakufikisha. Ukiutaja kwenye uzi wa siasa JamiiForums, umeshamtukana mtu: kwamba ni wa CCM, katumwa, kalipwa "buku saba". Mpinzani naye ni Ufipa, mtaa wa Kinondoni yalikokuwa makao makuu ya Chadema. Akizidisha ubishi, anaitwa nyumbu.

Nyuzi hizi nazisoma kama ninavyosoma hadithi, maana nao ni uandishi. Jukwaa lilianza 2006 likiitwa JamboForums, na nguvu yake ilikuwa jina la bandia. Asiye na sura hana cheo wala ukoo wa kumbeba. Anabebwa na hoja yake. Na uficho huo umelipiwa: Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi, alikamatwa na kufikishwa mahakamani, polisi wakitaka taarifa za wachangiaji.

Wapo wanaosema uficho ndio ulioharibu mijadala. Mimi sikubali. Aliyebadilika ni msomaji. Tumeletewa maandishi yasiyo na sura, nasi tukaanza kuyachorea sura wenyewe. Hatuulizi tena "ushahidi uko wapi?" Tunauliza "nani kakutuma?"

Nami nimo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia TRA. Mtu mmoja akaandika kwamba mgomo unamuumiza anayekula kwa siku. Aya tatu: nauli, kodi ya chumba, unga wa watoto. Hakuna tusi hata moja. Nikamjibu kwa maneno mawili tu: "Buku saba." Wakuu wakanishangilia.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye kahawa pale Mnazi Mmoja, kijana mmoja anayebeba mizigo sokoni akanionesha simu yake. "Kaka, hivi huyu aliyeniambia nimelipwa, ananijua kweli?" Jina lililokuwa pale ni langu, lile la bandia. Nikaagiza kashata.

Wakati wa mgomo ule, Waziri Mkuu Majaliwa alikuja kuwasikiliza wafanyabiashara kwenye viwanja hivyohivyo, na watu walishika kipaza sauti wakasema yao. Kijana huyu hakukishika. Alikuwa na simu, na jina ambalo halingemkosesha kazi kwa tajiri aliyefunga duka. Ndiyo kazi ya jina la bandia. Mlango aliobakiwa nao, mimi ndiye niliyemfungia, tena nikicheka.

Waliotumwa wapo, tusidanganyane. Lakini hata hoja ya aliyetumwa hujibiwa kwa hoja. Ukiisha kusema "Lumumba" au "Ufipa", hujajibu kitu. Umeacha kusoma tu.

Zile aya tatu nimezirudia mara nyingi. Ni nzuri, na kuna mahali sikubaliani nazo. Jibu lake bado ananidai.