Manju Peke Yake Uwanjani

Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Wa kiume akizaliwa, auawe. Binti huleta mahari, na hilo mtu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, hahitaji kuelezwa. Ndivyo unavyoanza utendi wa Mwindo, ambao Candi Rureke, manju wa Wanyanga, aliutamba mwaka 1956 mbele ya mwanaanthropolojia Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwaka huohuo Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare yenye mdai anayeng'ang'ania ratili ya nyama ya mtu. London ya enzi za Shakespeare na msitu wa Walikale viliuliza jambo moja: mkubwa akishikwa na tamaa, nani atamwambia?

Lakini London ilihitaji kundi zima la waigizaji, na wavulana waliovishwa magauni wawe wanawake. Rureke alikuwa peke yake: mkono huu manyanga ya kibuyu, mkono ule usinga wa mkia wa nyati, hadhira ikimwitikia. Ndiye baba anayemfungia mwanawe wa kiume, Mwindo, ngomani na kumtosa mtoni. Ndiye mtoto anayeimba humo ndani. Ndiye shangazi Iyangura anayeipasua ngoma kwa kisu. Hapo namvulia kofia, maana anayeutoa uovu wa Shemwindo kwa koo lake mwenyewe hawezi kumhukumu kwa mbali.

Mwana naye hasazwi. Akiisha kumshinda baba, Mwindo anaingiwa na uchu wa nyama ya nguruwe mwitu. Wawindaji aliowatuma wanamezwa na joka Kirimu. Analiua, kumbe ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni, baridi, mvua na jua vinamwadhibu, kisha anapigwa marufuku kuua wanyama.

Macbeth wa Shakespeare anaishia kukatwa kichwa. Shemwindo analetwa barazani, anakiri kosa mbele ya watu wote, na bado anabaki na sehemu ya nchi. Kwangu hilo ni gumu kuigiza kuliko kifo: maiti haitafutiwi pa kukaa kesho yake.

Na katikati ya kisa hiki cha ulafi, manju hukatiza simulizi na kudai chakula na zawadi. Watu hutoa. Anapokea bila haya, anatikisa manyanga, anaendelea kumsema Shemwindo.