Umbo la vipimo vitatu si umbo la pande tatu

Majuzi nikiwa nyumbani Silibwet, mjukuu wangu alinijia na daftari lake la hisabati, uso umemsawijika. Swali lilimtaka achore "umbo la pande tatu". Alichora pembetatu, safi, kwa rula. Akakoseshwa. Eti mwalimu alitaka sanduku.

"Babu, kwani sanduku lina pande tatu?"

Hebu nikiri, sikupata hoja ya kumtetea mwalimu. Yenye pande tatu ni pembetatu. Sanduku lina nyuso sita na kingo kumi na mbili. Tena hakuna gimba lenye nyuso bapa tatu tu. Lenye chache kabisa ni piramidi ya kitako cha pembetatu, nalo lina nne. Tunachokusudia ni kwamba gimba hupimwa mara tatu: urefu, upana na kimo. Basi ni umbo la vipimo vitatu. Kwenye sinema na michezo ya simu watu waseme "pande tatu" wapendavyo, mazoea yana nguvu. Kwenye kitabu cha hisabati, la.

Kosa hili lina gharama. Ardhi ya kwetu haikulala. Chai imeshika miteremko, na mto Nyangores hushuka kutoka msitu wa Mau, ukapita huku kwetu, kisha ukaungana na Amala kuwa mto Mara. Mtoto aliyezoea ramani bapa atajuaje kwamba miti ikikatwa kule juu, udongo utateremka hadi kwenye maji anayochota? Hali ya mambo mengi kutegemeana hivyo ni uchangamano. Wapo wanaoiita utata, nami siafiki. Utata hukanganya, uchangamano hueleweka, mradi upate kielelezo kinachofaa.

Mwaka 2006, upande wa mashariki wa Mau, Waogiek walikusanyika Nessuit wakajenga modeli ya msitu kwa skeli ya 1:10,000, yaani sentimita moja kwa mita 100. Modeli za aina hiyo hujengwa kwa kadibodi iliyokatwa kufuata mistari ya mwinuko, tabaka juu ya tabaka, hadi vilima na mabonde yajitokeze. Mito, njia na mipaka huonyeshwa kwa rangi, nyuzi na pini. Na uzi, jamani, huhamishika. Mzee asiyesoma ramani anaweza kugusa mteremko kwa kidole na kusema mpaka si hapa, ni ng'ambo ya kijito. Uzi unasogezwa, mjadala unaendelea.

Programu kama GeoGebra huleta uhai huo kwenye skrini: mtoto hulizungusha gimba, akaliona kwa nyuma, akalivuta libadilike. Lakini hata hapo atahitaji jina la anachokitazama. Akiambiwa ni "pande tatu" atahesabu, na hesabu itamkatalia.

Wala Kiswahili hakina uhaba wa majina: tufe, mche, mcheduara, pia. Wa rika langu mtaikumbuka pia, ile tuliyoichezea ikazunguka uwanjani hadi ikalewa. Vitabuni ndiyo koni. Jina lenyewe linazunguka! Sasa aliyekuwa na neno kama hilo alikwenda kutafuta nini kwenye "pande tatu"?

Nimemwandikia mwalimu barua fupi, ya heshima. Alama ya mjukuu wangu bado haijarudi.