Subaru ya oktani 100 kwenye pampu isiyo na 100

Fungua mlango wa tangi wa Impreza WRX STI iliyoletwa moja kwa moja kutoka Japani, utakuta kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya daraja la juu isiyo na risasi. Kwa viwango vya Japani, daraja hilo ni oktani 96 kwenda juu kwa kipimo cha RON, na kwa miaka mingi vituo vya kule vimekuwa vikiuza ya 100. Wahandisi wa Subaru walipopanga muda wa cheche na msukumo wa turbo, walikuwa wanajua mteja wao atajaza nini. Mteja wa pili, yule wa Nairobi au Arusha, hana 100 kwenye kituo cha mtaani. Kwake swali la oktani linageuka: mafuta yameshachaguliwa na pampu, kinachobaki ni kuamua injini ipangwe vipi iyamudu.

Kwanza tuondoe imani kwamba oktani kubwa ni mafuta yenye nguvu zaidi. Lita ya 100 haibebi nishati ya maana kupita lita ya 91. Namba ile inaeleza tu jinsi mafuta yanavyovumilia kubanwa na kupata joto kabla hayajajilipukia yenyewe. Kipimo kilibuniwa na mkemia Mmarekani Graham Edgar katika miaka ya 1920: isooktani ikapewa 100, heptani ikapewa sifuri, na petroli yoyote ikalinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili. Kazi hiyo hufanywa na injini ya maabara yenye silinda moja, ambayo uwiano wake wa mgandamizo unaweza kubadilishwa huku inaunguruma. Jaribio la RON huenda kwa mizunguko 600 kwa dakika. La MON huenda kwa 900, mchanganyiko ukiwa na joto kali zaidi, ndiyo maana namba yake huwa ndogo.

Wamarekani huandika kwenye pampu wastani wa RON na MON, na hapo ndipo vijana wengi wanaponaswa. Programu ya kompyuta ya gari iliyonunuliwa Marekani ikiwa imepangwa "kwa 93" ilikusudiwa petroli ambayo kwa RON ni kama 98. Ipakie kwenye gari linalokunywa RON 93 uone. Farasi zitaongezeka kwenye karatasi, kisha fundi atapata kazi ya kufungua injini.

Injini ya EJ20 ya STI ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92 na uwiano wa mgandamizo wa 8.0 kwa 1. Uwiano huo mdogo huwadanganya watu kwamba injini ni ya upole, ilhali turbo imeshaibana hewa hata kabla haijaingia ndani. Cheche ikiruka, moto unatakiwa utembee kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi ukutani. Oktani ikipungua, gesi ya pembeni ambayo moto haujaifikia inalipuka yote kwa mpigo. Mawimbi ya mlipuko huo yanafagia ule utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na joto. Kinachovunjika mara nyingi ni kingo nyembamba za pistoni kati ya ringi na ringi. Mwenye gari hugundua baadaye, moshi wa bluu ukishaanza kutoka, silinda moja ikipimwa inakutwa haina mgandamizo, na kila mtu anailaumu oili.

Kugonga huko kuna sauti yake. Kwa kipenyo cha milimita 92, hesabu inatoa mlio wa kama kilohezi 6.2, na kihisi kilichofungwa kwa bolti juu ya bloku kimewekwa kuusikiliza. Tatizo ni kwamba husikia na mengine: kinga ya joto ya eksozi iliyolegea, ugonjwa wa kawaida wa Subaru zilizozeeka, inaweza kukichanganya. Kwa hiyo fundi makini hubonda ncha ya bomba jembamba la shaba ikawa bapa, akaitoboa, akaifunga kwenye bloku, kisha akavuta mpira kutoka kwenye bomba hadi kwenye vikinga-sauti alivyovaa masikioni. Injini ikigonga, anasikia kama kokoto ndani ya mkebe. Ni kifaa cha bei ya chakula cha mchana, na mimi namwamini fundi aliyenacho kuliko mwenye laptop tu.

Laptop nayo ina lake la kusema. Kompyuta ya Subaru hutunza namba inayoonyesha imani yake kwa mafuta: kwenye matoleo ya zamani hufika 16, kwenye ya baadaye hufika 1. Ukiifuta kumbukumbu huanzia katikati, ikapanda injini ikiwa salama, ikashuka ikisikia kugonga kwingi. Namba ikishuka, cheche zote hucheleweshwa, gari likawa zito. Watu wakiona hivyo hukimbilia kichujio cha hewa. Wanaoendelea kukanyaga wanategemea mfumo wa dharura kama ndio mpango wa kila siku.

Utaratibu unaofaa huanza kwa kupunguza msukumo wa turbo, na hapa natofautiana na mafundi wanaoanza kwa kuchelewesha cheche kwa sababu farasi hazipotei sana kwenye daino. Cheche ikichelewa mno, mafuta humalizikia kuungua njiani kwenda kwenye eksozi, na turbo ndiyo inayopokea joto hilo. Punguza msukumo kwanza, kisha ondoa nyuzi chache za cheche pale torki inapokuwa kubwa zaidi, halafu hakikisha mchanganyiko ni mnene wakati wa kuvuta: karibu sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, badala ya 14.7 ya mwendo wa kawaida. STI nyingi za Japani pia zina tangi dogo la maji kwenye buti, la kunyunyizia kipoza-hewa cha turbo. Mengi ya hayo ni makavu tangu bandarini.

Chupa za kuongeza oktani sizipendekezi. "Pointi tano" zilizoandikwa kwenye chupa mara nyingi ni nusu ya oktani moja. Petroli ya ndege ina oktani ya kweli, lakini ile ya kawaida ina risasi, ileile tuliyoiaga pampuni mwaka 2006, nayo huua kihisi cha oksijeni na katalisti.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka: mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo, kwa mfano K20A ya Honda Integra Type R yenye uwiano wa 11.5, huvuta hewa pungufu huko juu, hivyo haidai oktani nyingi. Turbo haipati nafuu hiyo. Ikilazimishwa kufikisha shinikizo kamili la baa 2 kutoka hewa ya nyuzi 25, kwa ufanisi wa asilimia 75, pwani hewa hutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi kama 112. Nairobi hutoka na kama 140. Joto hilo linakula oktani ileile unayoitafuta.

Mwenye Type R ndiye anayesahaulika. Gari lake likipangiwa cheche Nairobi hadi ukingoni, halafu Desemba akateremka Mombasa, silinda zinapokea hewa ya moja ya tano zaidi kwa petroli ileile, kwenye joto la pwani. Kwake ningeomba ramani mbili, na kama kompyuta inabeba moja tu, ipangwe kwa ajili ya Mombasa.