Kamba ya Majani

Mtu na mnyama wake hufungamana kwa vifungo viwili: kimoja cha kamba, cha pili cha moyo. Kuvitenga si kazi rahisi. Hadithi moja iliyojaribu kufanya hivyo ni ile ya Toomai, mtoto wa mwongoza ndovu wa Bara Hindi, iliyomo katika kitabu The Jungle Book cha mwaka 1894. Mtungaji wake ni Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Bombay mwaka 1865.

Toomai ana umri wa miaka 10. Ndovu wao, Kala Nag, yaani Nyoka Mweusi, ameitumikia serikali miaka 47. Alibeba mzinga hata Magdala, nchi ya Uhabeshi, na sasa husaidia kuwanasa ndovu wa mwitu katika vilima vya Garo. Mkuu wa unasaji, Mzungu, amfanyia mtoto mzaha: ataruhusiwa kuingia katika maboma ya kunasia siku atakapowaona ndovu wakicheza ngoma. Maana yake, haingii kamwe.

Usiku baba yake amfungua Kala Nag mnyororo, amtia mguuni kitanzi cha kamba ya majani, kisha amwambia akumbuke kuwa amefungwa barabara. Hapa Kipling ameona mbali. Kamba ile haina nguvu ya kumzuia ndovu. Kimzuiacho ni mazoea. Mara mwito wasikika kutoka vilimani, na kamba yakatika. Mtoto amkimbilia miguu mitupu, amsihi amchukue. Ndovu aliyekwisha kuwa huru ageuka, arudi hatua tatu, ampandisha shingoni. Katika hadithi nzima hapana mahali palipo bora kuliko hapo: kifungo cha moyo hakikuonekana mpaka kile cha kamba kilipokatika. Na huko ngomani mtoto haamuru neno. Hulala kimya, na ndovu ndiye mlinzi wake.

Lakini mwisho wa hadithi haunikinaishi. Mtoto apewa jina kuu, Toomai wa Ndovu. Karamu yafanywa, na ndovu wote wainua mikonga kumsalimu. Kala Nag je? Alirudi kambini asubuhi, matope hata mabegani, miguu ikimuuma. Alirudishwa na mapenzi au na mazoea? Mtungaji haulizi, wala haulizi itakuwaje msimu ujao, ndovu huyo atakapowanasa wale wale aliocheza nao. Kwa Kipling, utumishi ni fahari ya kutosha. Sisi tuliotawaliwa hata mwaka 1963 twajua kuwa mtumishi anyamazaye si lazima awe ameridhika.

Basi isome hadithi hii, kwani ni nzuri. Ufikapo pale kamba ikatikapo, simama kidogo ufikiri. Na ufikapo penye karamu, usimsahau yule aliyerudi bila kufungwa.