Saa ya Praha na Jua la Kasulu

Kasulu na Kibondo, jua likifika utosini, saa ya ukutani inakaribia kugonga saba mchana. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, mstari unaopita huko baharini mashariki, ilhali milima ya Buha, iliko miji hiyo miwili, iko karibu na nyuzi 30. Nyuzi 15 ni saa nzima.

Mtambo wa mwaka 1410 haukuruhusu pengo kama hilo. Uko Praha, Ucheki, kwenye mnara wa ukumbi wa zamani wa mji. Ni kazi ya fundi saa Mikuláš wa Kadaň, na hesabu zake zinasemekana kupigwa na mwanafalaki Jan Šindel.

Watu hujazana chini yake kutazama sanamu, ambazo ziliongezwa baadaye. Saa ikitimia, kiunzi cha mifupa, yaani Mauti, huvuta kamba ya kengele. Wenzake, akiwamo bahili na mfuko wake wa fedha, hutikisa vichwa: bado hawako tayari kwenda. Juu yao mitume 12 hupita madirishani mmoja mmoja, kisha jogoo wa dhahabu huwika kwa upepo wa mivukuto, jamaa na ile ya mhunzi. Mitume wa mbao waliteketea kwa moto Mei 1945. Wakachongwa wengine, na saa ikarudi kazini 1948.

Lakini ufundi wenyewe umejificha nyuma. Kuna magurudumu matatu yenye kipenyo kimoja, yaliyopangwa kwenye mhimili mmoja: moja lina meno 365, la pili 366, la tatu 379. Lile la 366 hubeba mshale wa jua na kuzunguka mara moja kwa siku. La 365, kwa upungufu wa jino moja, huliacha nyuma kidogo kila siku, hata mwaka ukiisha limelipita mzunguko mzima. Ndivyo nyota zinavyolipita jua. La 379 hujikongoja, kama mwezi unavyochelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Hayo yote ni hesabu za meno, enzi ambazo meno yalichongwa kwa tupa na jicho.

Usoni, mistari ya dhahabu inagawa mchana mafungu 12, tangu macheo hadi machweo. Adhuhuri, jua liko kwenye mstari wa sita, yaani saa sita kamili, kama tunavyohesabu sisi. Mistari imepinda kwa sababu mchana wa Praha hurefuka na kufupika mno. Buha, nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, mafungu hayo yangekaribia kulingana mwaka mzima. Pete ya nje, yenye namba 1 hadi 24, huanza kuhesabu jua linapozama, nayo husogea mwaka mzima kulifuata.

Simu ya mfukoni inaushinda mtambo huo kwa usahihi wa sekunde. Ila mkulima wa Kasulu akitaka kujua jua lake limefika wapi, fundi wa 1410 ndiye angemjibu vizuri zaidi.